Tupeane uzoefu: nani alikuwa Uingereza enzi zile mikanda ya kutisha inasakwa na polisi?

Wakuu, habari za jioni. Juzi nimemkuta kijana wangu anaangalia The Evil Dead kwenye simu, huku anatafuna bisi. Nikamwambia mkanda huo mimi niliwahi kuuficha kwenye debe la mchele, Leicester, 1984. Akacheka tu.

Nilikuwa nauza duka la Mhindi mmoja wa Mombasa, Kiswahili tunaongea kutwa. Mbele magazeti na sigara, nyuma mikanda ya kukodisha. Filamu za ukumbini zilipitia BBFC, bodi yao ya ukaguzi wa filamu, kwanza, ila video hazikuwa na sheria yake, kwa hiyo kila takataka iliingia. Ile The Driller Killer, kasha lina mtu anatobolewa paji la uso na drili, damu hiyo! Tajiri akaiweka dirishani, eti inavuta wateja. Ikavuta polisi.

Walisomba mikanda kwenye mifuko myeusi ya taka. Tajiri anauliza ipi ni kosa, hakuna wa kumjibu, maana filamu moja ilishinda kesi mji huu ikashindwa mji wa pili. Orodha ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ya filamu za kushtakiwa, ilikuja kupitiwa na filamu 72, na 39 ndizo zilizotiwa hatiani. Yetu hakimu aliamuru iteketezwe.

Haya, leteni yenu.

Mdau wa London: Mkuu, umenikumbusha mbali. Mimi nilifika 1987, sheria ya video ya 1984 ishaanza kung'ata. Kila mkanda lazima upate cheti, na ada inahesabiwa kwa dakika, wasambazaji wadogo wakafunga. Ile orodha sasa ndiyo tuliyoifanya ya manunuzi! Tulikuwa tunapeana kopi ya kopi ya kopi. Rangi zimekufa, sura hazionekani, na ukifika pale panapotisha zaidi ni chenga tupu, kwa sababu kila aliyekutangulia alirudisha nyuma papo hapo. The Exorcist iliondolewa madukani 1988, ikaja kupewa cheti 1999. Ukumbini ilikuwa inaonyeshwa, nyumbani marufuku. Hapo sijawahi kuwaelewa.

Mdau wa Tanga: Kumbe ndiyo maana kaka alitutumia begi zima! Bara hatukuwa na stesheni ya TV hadi 1994, deki ndiyo kila kitu. Watoto wa mtaa mzima kwenye mkeka. Bodi ya ukaguzi alikuwa mama: anakaa pembeni na khanga, akiona kisu kinatoka anaifunika TV yote. Tulikuwa tunasikia mayowe tu. Mpaka leo sijui nani alikufa.

Mleta mada: Nimecheka hadi machozi, ndugu yangu wa Tanga. Sasa sikieni. 2009 serikali yao iligundua ile sheria ya 1984 haikuwahi kuarifiwa Tume ya Ulaya, kwa hiyo miaka yote ilikuwa haitekelezeki. Wakaipitisha upya 2010. Nikampigia tajiri, kashazeeka, akaniuliza: "Basi mikanda yangu wanairudisha lini?"

Mdau wa London: Mwambie mzee pole. Yake ilichukuliwa kwa sheria ya machapisho machafu ya 1959. Hiyo haikuwa na kasoro.

Mleta mada: Mwambie wewe, mimi siwezi.