Kikombe kwa gramu: wapishi wa Mtwara na Lindi, mnapimaje? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada (Mtwara mjini)
Habari zenu wadau. Naoka keki za oda, na resipi nyingi za mtandaoni ni za Marekani, vikombe vitupu. Za Uingereza ni gramu tu. Kikombe cha Marekani ni karibu mililita 240: ukikijaza sukari unapata gramu 200, siagi 227, unga wa ngano 120 hadi 125. Kwa hiyo mtu akikwambia kikombe ni robo kilo, muulize robo kilo ya nini. Leteni ya kwenu, hasa msio na mizani.

Mdau wa Masasi
Mizani sina, na keki zinauzika. Unga nikinunua pakti ya kilo nauchota wote kwa kikombe changu huku nahesabu. Vikitoka vinane, kila kimoja ni gramu 125. Sukari nayo hivyo hivyo. Namba nimeziandika kwa maka peni kwenye mfuniko wa ndoo.
Ila mchotaji awe mmoja! Mdogo wangu anazamisha kikombe ndani ya ndoo na kushindilia. Mimi natia unga kwa kijiko, taratibu, halafu napitisha mgongo wa kisu juu, kinachozidi kinarudi ndooni. Kilo ileile kwangu inatoa vinane, kwake sita na kitu. Keki yake ukiikata inamomonyoka kama tofali la mchanga, halafu lawama anapewa jiko.

Mama wa Mikindani
Wanangu, bibi yetu alipima kwa kibaba, vibaba vinne pishi moja, na wali haukumshinda hata siku moja. Mchele na maji ukivipima kwa chombo kimoja gramu za nini? Hayo mahesabu yaacheni kwenye keki, ndiyo yenye visirani.

Mdau wa Newala
Mama kasema kweli. Mimi niongezee korosho, maana huku kwetu ndiyo habari yenyewe. Mnadani ni kilo, resipi inasema kikombe. Zikiwa nzima zinaachiana nafasi, kikombe kinabeba kama gramu 130 hadi 140. Sasa soma vizuri: "kikombe cha korosho, zisage" maana yake pima kwanza, saga baadaye. "Kikombe cha korosho zilizosagwa" ni saga kwanza. Ni uzito tofauti kabisa, na kwa bei ya korosho zilizobanguliwa, tofauti hiyo utaisikia mfukoni.

Mdau wa Lindi
Wauza mafuta ya ufuta nao waje hapa. Lita si kilo! Mafuta ni mepesi kuliko maji, lita moja ina kama gramu 920. Ukinunua kwa kilo na kuuza kwa lita, kila kilo inakupa lita na chenji kidogo. Ukinunua kwa lita ukauza kwa kilo, hiyo chenji unaitoa wewe.

Mwanzisha mada
Ahsante wote. Mama, shikamoo, wali sigusi 😂
Kwa wanaoniuliza inbox watajuaje kikombe chao kina ujazo gani: chukua maji ya chupa ya nusu lita. Yakijaza kikombe mara mbili bila kubaki, hicho ni mililita 250. Wenye mizani, mililita moja ya maji ni gramu moja, kazi imeisha. Kijiko cha chai ni mililita 5, cha chakula 15, lakini vijiko vya kabatini kila kimoja na ukubwa wake. Hamira ya pakti ya gramu 11 inatoa vijiko vya chai vitatu na nusu hivi.

Mdau wa Kilwa
Na asali je? Nikimimina kwenye kikombe nusu inabaki imeng'ang'ania.

Mdau wa Masasi
Pakaza mafuta ndani ya kikombe kwanza, itateleza yote.

Mwanzisha mada
Au azima mizani: weka bakuli juu, rudisha sifuri, mimina. Kikombe cha asali ni gramu 340.