Mjakaranda unadondosha kitu kinachonata, majani yamekuwa meusi: nikate kilele kabla ya mvua?

Mama Kivuli:
Wakuu habari zenu. Nina mjakaranda mkubwa mbele ya nyumba, ndio kivuli chetu pekee. Tangu kiangazi kikolee, kila kinachokaa chini yake kinanata: viti, gari, hata nguo zilizoanikwa. Majani ya chini yamefunikwa na weusi kama masizi, ukiyasugua kwa kidole unatoka. Sisimizi wanapanda na kushuka mchana kutwa. Halafu upande mmoja wa shina, karibu na ardhi, kuna udongo umepanda juu ya gamba kama kinjia chembamba.

Fundi wa bustani anasema tukate kilele chote mti upate kupumua, vidonda tuvipake rangi ya mafuta na shina tulipake chokaa. Mvua zinakaribia. Nimsikilize? Sitaki kabisa mti huu ufe.

Kijana wa Shamba:
Pole dada. Hao ni wadudu tu, tafuta sumu kali upulize mti mzima mara moja. Kesho yake utawakuta wote chini.

Mzee Mtunza Miti:
Binti yangu, kilele usikiguse, na sumu usipulize. Kazi yangu yote ilikuwa kutunza miti ya viwanja na barabara, na miti niliyoiona ikifa kwa kukatwa vichwa ni mingi kuliko iliyouawa na wadudu.

Hayo masizi hayali jani. Ni ukungu unaoota juu ya majimaji matamu, na majimaji hayo yanatoka kwa wadudu wanaofyonza utomvu: vidukari, vidung'ata, wadudu magamba au inzi weupe. Kata kijitawi kimoja kinachofikika, ukigeuze juani. Tazama mgongo wa jani, kikonyo na makutano ya vitawi. Ukiona vitu kama pamba, ni vidung'ata. Ukiona vijipele vya kahawia vilivyoganda, visivyokimbia, jaribu kukibandua kimoja kwa ukucha. Kikibanduka chote na gamba la kitawi chini yake likabaki zima, huyo ni mdudu magamba.

Sasa sisimizi. Wao wanakula ule utamu, kwa hiyo wanawalinda wanaoutoa. Mbawakavu wadogo wekundu wenye madoa meusi na nyigu wadogo sana ndio wanaowamaliza wafyonzaji, lakini sisimizi wanawafukuza. Funga shina kwa mkanda wa nailoni uliobana vizuri, upake kitu kinachonata juu ya mkanda, si juu ya gamba. Matawi yanayogusa ukuta au waya za nguo yaondoe, maana sisimizi watayafanya daraja. Mkanda ufungue mara kwa mara usije ukaukaba mti. Kazi hii ndogo watu huidharau, nami naiona ndiyo nusu ya tiba.

Kijana wangu wa Shamba, sumu kali huua hao mbawakavu na nyigu kwanza. Wadudu magamba wakubwa wamejifunika, wengi watabaki, na watazaliana bila wa kuwala. Mjakaranda ukiwa na maua, nyuki nao wanakufa. Matawi ya chini yapige maji kwa mpira, kisha nyunyizia sabuni laini ya maji, vijiko viwili vya chai kwa lita moja, pande zote mbili za jani, asubuhi na mapema. Jaribu kwenye tawi moja kwanza, usubiri siku mbili. Sabuni ya unga acha, inaunguza majani. Na mti wenye kiu unyweshe kwanza, sabuni baadaye.

Kuhusu kilele: majani ndiyo yanayoulisha mti. Ukikata juu kote, mti unatumia akiba yake kuchipua kwa pupa. Machipukizi hayo yameshikilia juu juu tu, yakinenepa upepo unayang'oa. Tena ni laini, na vidukari hupenda hasa chipukizi laini. Kwa sababu hiyo hiyo usiupe mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi wakati huu.

Rangi ya mafuta haizuii kuoza. Mtafiti wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, alipasua magogo mengi kwa urefu kwa msumeno wa mnyororo, na mwaka 1977 akaeleza jinsi mti unavyojenga kuta kuzunguka sehemu iliyojeruhiwa na kuifungia ndani. Kwa hiyo tawi lililokufa likate nje kidogo ya ule uvimbe ulio pale tawi linapotokea shinani. Ukiuchonga uvimbe umeiondoa kinga yenyewe, na ukiacha kisiki kirefu kitaoza. Chokaa hupunguza jua kwenye gamba la mti mchanga, haitibu wadudu.

Kinachonikosesha usingizi ni huo udongo wa shinani. Ni mchwa, na mara nyingi mchwa hufuata sehemu iliyokwisha kufa. Ukwangue, ugonge gamba kwa mpini wa nyundo, usikilize kama kuna uwazi. Kisha fukua taratibu kwa mkono. Shina lenye afya hutanuka linapoingia ardhini. Likiingia wima kama nguzo, limefukiwa. Utuambie ulichokiona.

Niko Baridini:
Shikamoo mzee. Naongezea kwa walio kwenye nchi za baridi: miti inayopukutisha majani huwa tunaipogolea mwishoni mwa majira ya baridi, kabla haijachipua, na wadudu magamba tunawapulizia mafuta ya bustani mti ungali umelala. Tawi wazi linaonyesha kila kitu.

Mama Kivuli:
Shikamoo mzee wangu. Ni vijipele vya kahawia, vinabanduka kwa ukucha kama ulivyosema. Chini ya udongo wa mchwa gamba limekauka, linatoka kwa vipande, eneo la viganja viwili hivi. Kuna kitanda cha maua tulichojengea matofali kuzunguka shina, na upande huo udongo umepanda hadi magotini. Kwingine ukigonga panasikika pazima. Uyoga sijauona.

Mzee Mtunza Miti:
Marahaba, nyote wawili. Binti, matofali yatoke. Udongo uondoe kwa mkono na mwiko mdogo, si kwa jembe, hadi mtanuko wa mizizi uonekane. Ukikuta mzizi mwembamba umezunguka shina na kulibana, ukate. Mnene, mwite mtu mwenye ujuzi autazame kwanza. Gamba lililokufa liondoe, lililo hai usiliguse hata kidogo.

Maji usimwage shinani. Mwagilia pembezoni mwa kivuli, polepole, yazame: mizizi mingi myembamba inayonyonya iko kwenye sentimeta 30 za juu za udongo. Weka matandazo ya majani makavu, sentimeta 5 hadi 10, yaache nafasi ya kiganja kutoka kwenye gamba. Mvua zikianza, msumeno weka chini, kwa sababu matone yanayoruka hubeba mbegu za ukungu hadi kwenye vidonda vibichi. Kazi yako wakati huo ni kuangalia maji yasituame shinani. Majani yenye mabaka yaliyoanguka yafagie. Mvua zikikatika, kagua tena lile eneo kavu kama limepanuka.

Na ukiona uyoga mgumu umejitokeza kama rafu shinani au juu ya mizizi, usingoje msimu. Mti mkubwa ulio karibu na nyumba unaweza kuwa na majani ya kijani huku tako la shina limeoza. Siku hiyo hiyo hamisha gari na viti, watoto wasicheze chini yake, na umwite mtaalamu aukague.