Kijana amebadilika tangu tuachane na babake

MamaK: Wasee naomba ushauri, tumeachana na mzee juzi juzi, yeye alihamia Rongai mimi nikabaki Umoja, sasa kijana wetu wa miaka 7 ameanza kukojoa kitanda tena na ticha anasema darasani ananyamaza tu, hii itaisha ama nimpeleke daktari?

Otis_254: Pole mama. Umri huo mtoto anaweza kudhani ni yeye alifanya baba aende, so mwambie si makosa yake, na urudie. Na msigombane mbele yake, hiyo ndio huumiza watoto zaidi. Kukojoa usimchape, lakini ikiendelea mpeleke kliniki, saa zingine ni infekshen tu.

Shiro: Tafadhali usimtume "ambia babako alete karo", mimi nilikuwa posta ya wazazi wangu miaka mingi na bado nina hasira 😅

Baba Wawili: Na mzee asipotee. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 53 inasema malezi ni jukumu la wote wawili, muwe mlioana ama la. Mpange siku moja ya kumchukua isibadilikebadilike.

MamaK: Asanteni, tulisema Jumamosi, shida ni nyanya yake kumuuliza nani alianza vita 🙄