Ukiondoa mabao, Ramos anamzidi Puyol kwa lipi?

Mleta mada

Wakuu, juzi kijiweni nilisema Carles Puyol, nahodha wa zamani wa Barcelona, alikuwa beki bora kuliko Sergio Ramos wa Real Madrid. Nilizomewa mpaka muuza kahawa akaacha kumimina. Waliozomea walikuwa na hoja moja tu: mabao. Ramos ana mechi 671 Real Madrid, mabao 101, makombe 22, Ligi ya Mabingwa mara nne. Sibishi hata tarakimu moja hapo. Ninachouliza ni kwamba beki tunampima kwa kazi ipi.

Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Lisbon 2014, Madrid na Atlético, niliiangalia kibanda umiza, nimebanwa kwenye benchi la mbao katikati ya watu waliojifanya Atlético kwa usiku ule mmoja. Godín wa Atlético kafunga tangu kipindi cha kwanza, dakika 90 zimekatika, wa nyuma wameshaanza kunyanyuka wawahi usafiri. Modrić akapiga kona. Ramos akapaa, kichwa, saa inasoma 92:48, kipa wao Courtois kajinyoosha wee, haugusi. Waliokuwa wametoka walirudi mbio, mmoja ndala moja mkononi. Muda wa ziada Madrid wakamaliza kazi, 4-1. Bao lile nitawasimulia wajukuu.

Ila bao lile halinionyeshi alivyokuwa akikaba. Sasa tizameni Februari 2019. Madrid wako Amsterdam wanaongoza 2-1 dhidi ya Ajax, Ligi ya Mabingwa, Ramos anajitafutia kadi ya njano makusudi ili akose marudiano na aingie robo fainali akiwa msafi. Baada ya mechi akaropoka mwenyewe mbele ya waandishi, UEFA wakamwongezea mechi nyingine. Marudiano Bernabéu Ajax wakashinda 4-1. Bingwa mtetezi nje, nahodha yuko jukwaani. Puyol nisingemdhania hilo hata kwa kuota. Huyu ni yule ambaye 2012, Barcelona inaongoza kwa Rayo Vallecano mabao kibao, aliwafuata Thiago na Dani Alves waliokuwa wakicheza ngoma kushangilia, akawatawanya kama mzee anayefukuza watoto kwenye mwembe wake.

Karibuni, ila tusitukanane.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, hapo umechemsha. Ramos kacheza mechi 180 timu ya taifa ya Hispania, kadi nyekundu hakuna. Sifuri! Mtu mwenye kichaa cha kuzaliwa angekiacha vipi chumba cha kubadilishia nguo cha Madrid? Zile nyekundu 26 alizopata Madrid nyingi ni za mfumo. Mabeki wa pembeni, Marcelo kapanda, Carvajal kapanda, nyuma kaachiwa uwanja mzima na washambuliaji wawili wenye mbio. Puyol wako mbele alikuwa na viungo Xavi, Iniesta na Busquets, mpira wanaukalia wao dakika zote. Unakaba nini hapo, kivuli?

Mleta mada

Hoja ya mfumo naipokea nusu. Hiyo nusu nyingine inasahau kwamba Puyol hakuzaliwa 2009. Aliingia kikosi cha kwanza 1999, akala miaka yote ya ukame mpaka 2005 ndipo akauona ubingwa wa ligi. Oktoba 2000, Figo aliyetuhama kwenda Madrid anarudi Camp Nou na jezi nyeupe, uwanja mzima unamzomea. Kijana Puyol kapewa kazi moja, amfuate Figo popote aendako. Akamganda kama kupe, Barcelona wakashinda 2-0. Busquets siku hiyo ana miaka 12, mkuu. Alikuwa wapi huyo wa kumsaidia?

Mchangiaji wa 2

Mimi ni wa Liverpool, kwa hiyo kura yangu ina sumu, mnisamehe. Kiev 2018, fainali ya Ligi ya Mabingwa, sisi na Madrid. Mkono wa Salah ulivyobanwa kwapani kwa Ramos wakaanguka pamoja, nusu saa haijatimia vizuri Salah anatoka analia, na filimbi haikupigwa. Niliapa sitalitaja jina lile tena.

Lakini niseme kweli, angekuwa wetu ningeita ule ni ujanja wa mjini.

Mchangiaji wa 3

Mleta mada anatuchezea. Anasema mabao ya beki tuyaweke kando, halafu Puyol mwenyewe anakumbukwa kwa lipi na dunia nzima? Durban 2010, nusu fainali ya Kombe la Dunia na Ujerumani, dakika ya 73, kona ya Xavi, kichwa. 1-0, Hispania fainali. Kona na kichwa, vilevile kama Lisbon! Kumbe bao ni dhambi likifungwa na Ramos tu.

Halafu Kombe la Dunia lile Ramos alicheza kulia, Puyol kati, kwa hiyo hamuwezi kuwapima kwa mechi zile. Njooni Euro 2012. Puyol kabaki nyumbani na goti lake, Ramos kahamishiwa kati kando ya Piqué. Mechi sita, wamefungwa bao moja, na Italia kwenye ufunguzi. Fainali wakawarudia haohao Italia, 4-0. Ramos hakufunga hata bao moja ndani ya muda wa mchezo. Alikaba tu. Hilo ndilo ulilolitaka, si ndiyo?

Mleta mada

Hilo la 2012 limenikaa kooni, nakiri. Nilikuwa nimelisahau kabisa, nakumbuka penalti yake tu ya matuta dhidi ya Ureno, ile aliyoudokoa katikati ya goli miezi miwili baada ya kuipaisha nyingine juu dhidi ya Bayern. Ona, na mimi nimenaswa na mtego wa kukumbuka mipira iliyoingia wavuni.

Kwenye ukabaji basi nashusha bei, tuseme wanakaribiana. Kwenye unahodha sishuki. Aprili 2011 Madrid wamechukua Copa del Rey, Kombe la Mfalme wa Hispania, wako juu ya basi wanashangilia, Ramos kombe kaliweka kichwani, likamponyoka, basi likalikanyaga. Na mnataka nimkabidhi kitambaa?