Nina uoni hafifu, niko mwaka wa kwanza chuo Mwanza na UE (mitihani ya mwisho wa muhula) inakuja: naanzia ofisi gani?

Mkerewe_Mgeni
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja hapa Mwanza, sikitaji maana bado nataka kumaliza kwa amani, kwetu ni Ukerewe, na nina ualbino. Ngozi nilishaizoea toka utoto, kofia na mikono mirefu maisha yanaenda, shida yangu ni macho. Na kabla hamjaanza, miwani NINAYO. Kila mtu ananiambia si uvae miwani, jamani miwani inasaidia kidogo tu, daktari wa macho alinielewesha kwamba kwa sisi ile sehemu ya katikati ya jicho ya kuonea vitu vidogo haikukomaa vizuri tangu tumboni, sasa kioo gani kitaenda kuikomaza.

Venyu yetu kubwa madirisha yanatazama ziwani, ikifika saa nane mchana mwanga wote unapiga kwenye ubao mweupe na mimi nikikaa hata siti ya kwanza naona weupe tu. Basi nikabuni njia yangu, nainua simu navuta ubao kwa kamera nasoma kwenye kioo cha simu. Wiki ya tatu lekchara akasimama akauliza wewe unanirekodi kwa ruhusa ya nani, darasa zima likageuka, nikashindwa hata kujieleza nikabeba begi nikatoka. Toka siku hiyo simu siinui, nakopi madaftari ya wenzangu usiku hosteli.

Kilichoniuma zaidi ni test ya kwanza. Karatasi ilikuwa imebanwa kurasa mbili kwenye upande mmoja ili kuokoa karatasi, maandishi kama sisimizi. Nilimaliza maswali matatu kati ya matano, na hayo mawili niliyoacha nilikuwa nayajua. Form six Necta walikuwa wananiletea karatasi ya maandishi makubwa na muda wa nyongeza bila hata mimi kufungua mdomo, nikajua chuo ndio itakuwa bora zaidi. Halafu kwenye kuomba mkopo niliambatisha fomu ya mganga mkuu inayosema nina ulemavu, kwa hiyo nilijua chuo wanajua. Kumbe hakuna anayejua chochote, nilipouliza idarani nikaambiwa ungesema mapema.

UE ni wiki tano zijazo. Naanzia wapi, na je ni haki yangu au naenda kuomba huruma?

Sato_wa_Kirumba
Pole sana mdogo wangu. Hiyo ya kuaibishwa mbele ya darasa imenikera, ila na wewe ungemfuata ofisini kesho yake ukamwambia, wengi sio wabaya hawajui tu. Mwone CR wenu, yule mwakilishi wa darasa, awe anakutumia slaidi kabla ya kipindi, hilo halihitaji ofisi.

Mwl_wa_Mkolani
Mwangaluka kijana. Mimi nafundisha chuo, wapi tuache. Nikuambie upande ambao nyie wanafunzi hamuuoni.

Kwanza hiyo fomu ya Bodi ya Mikopo ilienda Bodi. Mimi mwalimu wako sijawahi kuiona wala mtu wa mitihani hajawahi kuiona, kila ofisi ina faili lake na mafaili hayaongei. Necta ulikuwa umesajiliwa na shule kama mtahiniwa mwenye mahitaji maalum, mwalimu wako wa sekondari alikujazia wewe unacheza mpira. Huku hakuna wa kukujazia.

Andika barua. Usiende kuongea kwa mdomo, utaitikiwa vizuri sana na kesho yake yule uliyeongea naye yuko safarini Dodoma. Barua iende kwa mshauri wa wanafunzi, ipitie kwa mkuu wa idara, nakala ofisi ya mitihani. Peleka kwa mkono, na kopi yako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, hiyo kopi itunze kama cheti cha kuzaliwa. Ambatisha taarifa ya daktari wa macho, Bugando wana kliniki ya macho kama huna ya karibuni.

Halafu sema unachotaka kwa vipimo. Barua nyingi zinazonifikia zinaandika naomba nisaidiwe kwa kuwa nina tatizo la macho, sasa mimi nikusaidie nini, nikushike mkono? Andika maandishi ya ukubwa gani, siti ya wapi, muda kiasi gani, ruhusa ya kutumia kamera ya simu darasani. Muda usikisie, tumia kipimo ambacho tayari kipo nchini: Necta huwa wanaongeza dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa masomo mengine. Kwa hiyo mtihani wa saa tatu unaomba nusu saa, na hakuna atakayesema umejitungia.

Na fanya WIKI HII. Mitihani ikishachapwa na kufungwa kwenye bahasha hakuna mtu ataifungua kwa ajili yako, na msimamizi wa chumba hata akikuonea huruma bila karatasi ya ofisi hawezi kukuachia hata dakika tano, ni kazi yake hiyo inaondoka.

Chabo_Master
Samahani sio kwa ubaya, ila kuongezewa muda sio upendeleo kweli? Mbona mimi pia naandika polepole na nimekula sapu mbili, mitihani ya kurudia.

Magurudumu_ya_Igoma
Chabo chukua mrija wa soda, usomee gazeti kupitia tundu lake saa tatu mfululizo halafu rudi hapa utuambie. Yeye maswali ni yale yale na anasahihishiwa sawa na wewe. Sapu zako tunazijua sababu.

Mkerewe, mimi nimemaliza, natumia kiti cha magurudumu. Mwanza yetu unaijua, mawe na vilima, ukikuta jengo halina ngazi ujue ni kibanda cha chipsi. Mwaka wa kwanza na wa pili kipindi kimoja kilikuwa ghorofa ya pili, nikawa nabebwa na washkaji wawili, mmoja kichwani mmoja miguuni kama gunia la dagaa wa Kayenze, na mimi nacheka nao kumbe moyoni natamani ardhi ipasuke. Sikulalamika maana walikuwa wananipenda na niliona nikisema nitaonekana sina shukrani. Siku moja mmoja akaugua malaria, mwingine yuko kwenye msiba Sengerema, na siku hiyo kuna test. Nilikaa chini ya ngazi na kiti changu nikisikia karatasi zinagawiwa juu.

Nikaandika barua mistari sita. Unajua walichofanya? Walibadilisha chumba na darasa lingine la ghorofa ya chini. Wiki moja. Hakuna hela iliyotoka, hakuna kikao, ni mtu wa ratiba kufuta jina la chumba na kuandika lingine. Miaka miwili nabebwa kwa sababu nilikuwa naona aibu kuandika mistari sita! Mpaka leo nikikumbuka najikasirikia.

(Bajaji za pale stendi kunitoza nauli ya watu wawili kisa kiti kinakunjwa nyuma, hiyo ni mada nyingine ntafungua uzi wake.)

Wakili_Mtarajiwa
Haki yako ipo kisheria mkuu. Kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inasema wazi haki sawa ya elimu na mafunzo, na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ibara ya 24 inaenda mpaka elimu ya juu. Tupia hivyo vifungu kwenye barua, kubwa kubwa, watatetemeka.

Mwl_wa_Mkolani
Wakili punguza moto. Sheria itajwe mstari mmoja kwa adabu mwishoni. Ukiianza barua kwa kutishia, inahamia kwa mwanasheria wa chuo, na ikifika huko UE itakuwa imepita na wewe una haki yako na sapu yako. Wakikataa kwa maandishi, hapo sasa wakili wetu apewe nafasi, na Shivyawata, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, wapo kwa mambo hayo hayo.

Nukta_Sita
Mimi sioni kabisa, nasoma kwa nukta nundu na kompyuta inayoongea. Wewe bado una uoni utumie. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha, skrini inakuwa kubwa, ni bure na ipo tayari. Macho yakichoka usiku weka NVDA, ni programu ya kusoma skrini, nayo ni bure, inakusomea, ina mpaka sauti ya Kiswahili ingawa inaongea kama mtu mwenye mafua. Tahadhari moja, zile notsi wanazoskani pale stesheneri ni picha tu, kompyuta inaziona kama picha ya mbuzi. Omba faili lenyewe alilochapa mwalimu.

Dada_Mkubwa
Nasoma huku nikiwaza mdogo wangu ambaye ni kiziwi. Yeye maandishi makubwa hayamsaidii, anataka mkalimani wa lugha ya alama, na mkalimani mmoja hawezi kusimama kipindi cha saa mbili bila kupokelewa, kwa hiyo wanatakiwa wawili, hapo ndipo chuo kinasema bajeti. Nyie wa karatasi kubwa mna afadhali, pelekeni barua.

Mkerewe_Mgeni
Wakuu nimerudi, ni wiki mbili sasa. Barua nilipeleka Jumatatu, katibu muhtasi alikataa kugonga muhuri kwenye kopi akisema sio utaratibu, nikakaa kwenye benchi pale pale mpaka akagonga. Mkuu wa idara kaniita, mtu poa kuliko nilivyodhani. Muda nimepewa, nusu saa, nina karatasi yenye saini ya kumwonyesha msimamizi. Yule lekchara wa simu nilimfuata ofisini, alinyamaza kwanza halafu akasema kaa mbele inua simu yako. Hakuomba radhi ila nimeridhika.

Shida iliyobaki ni hii, test ya juzi waliniletea karatasi ya A3, wamevuta ile ya kawaida kwenye mashine ya kopi. Maandishi makubwa sawa, lakini imefifia, na vile viti vyetu vya kibao A3 inaning'inia kama shuka, ukiegemea kuandika inateleza yote. Nilisoma nimeiweka mapajani.

Mwl_wa_Mkolani
Hahaha hilo kosa letu, tunakimbilia mashine. Andika barua fupi ya pili leo leo: ichapwe upya kutoka kwenye kompyuta, ukubwa wa 18, herufi nzito, A4, upande mmoja tu wa karatasi. Na meza ya kawaida badala ya kiti cha kibao. Hiyo meza usiwasubiri, kamuulize mtu wa stoo mwenyewe.