MREJESHO: Ile nafasi ya kufundisha baada ya PhD

Wakuu, naleta mrejesho. Niliuliza kama mtu wa historia aliyemaliza PhD juzijuzi, tena yuko Mtwara, aombe zile nafasi za miaka 3 Marekani, mfano ya Princeton: nusu ya muda unafundisha, nusu unaandika kitabu chako.

Niliomba chuo kimoja. Aliyenishauri nitume silabasi, nisitegemee tasnifu peke yake, Mungu ambariki. Usaili mzima walikomalia kozi. Yangu ni ya mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, Lindi, waliochimbwa 1909 hadi 1913 wakapelekwa Berlin. Wapagazi walioibeba hadi pwani walikuwa kina nani? Hapo walinibana hasa: wiki ya kwanza wanafunzi wasome nini?

Niko orodha ya akiba. Kozi naifundisha hukuhuku muhula ujao.