Naomba ushauri: msafara wa baiskeli Mbeya, yangu haina gia

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili. Jamaa wa mtaani wanaandaa msafara wa baiskeli Jumamosi, kuhamasisha watu waache magari kwa safari fupi, mtindo kama ule ulioanza San Francisco mwaka 1992. Tutatoka Uyole hadi Mafiati, kisha tupande mjini.

Hapo kwenye kupanda ndipo roho inanidunda. Yangu ni ya kubebea viazi, haina gia, keria bado imefungwa kamba ya mpira. Raba za breki zimelika, chuma kinakwaruza rimu. Na yale malori ya Tunduma hayana huruma.

Nibadili raba tu, au nikodi yenye gia? Mgeni akae wapi kwenye kundi? Mke wangu anasema nipande bajaji, niwapungie mkono.